Kibanda cha Tatu

Kibanda cha tatu hakitoi povu.
Kinatoa maji ya waridi, membamba,
yanamtiririka mteja kiwikoni hadi kwapani,
naye ananitazama kana kwamba mimi ndiye niliyemkojolea.
Ametia tokeni mbili. Saa inahesabu kushuka.
Singa za brashi zimelala
kama manyoya ya kuku aliyenyeshewa.

Nampa tokeni nyingine, namhamishia cha kwanza,
bajaji yake nusu kavu, nusu hasira.
Nafungua chumba cha mashine.

Sabuni ipo. Nimezamisha kijiti: imefika kwenye alama.
Mrija wa kufyonza haujajikunja.
Kichujio nilikisukutua jana, na juzi.
Pampu inaunguruma. Geji inasema kweli,
au inasema lilelile iliyolisema tangu Januari;
naigonga kwa ukucha, mshale unatikisika,
unarudi palepale. Haya, tukuamini.

Mama Kokushubira anapiga simu kutoka Muleba:
"Umeongeza sabuni?"
Kila mwenye mali hudhani povu ni sabuni.
Hata mimi, miaka kumi na moja ya ndoo na matambara
pale Buguruni, nilidhani hivyo: likipungua, mimina.
Lakini povu ni hewa, mama.
Povu ni pumzi iliyojitanda kanga nyepesi.
Sabuni bila hewa ni mchuzi.

Basi naufuata mpira wa hewa, ule wa buluu,
kutoka kompresa, ukutani, hadi darini,
kwa vidole, kama nesi atafutaye mshipa
kwenye mkono wa mtoto anayelia.
Nauchomoa kwenye kiungo.
Palipotakiwa upepo
pakatoka maji.

Yamepitaje? Kuna mlinzi hapo,
valvu ya shaba, ndogo kama punje ya kunde iliyorowekwa,
na amri yake ni moja tu: nenda, usirudi.
Naifungua kwa spana namba kumi na mbili.
Springi imeganda wazi, imeota ukoko mweupe.
Naugusa kwa ulimi, najua sipaswi.
Chumvi.

Wiki ya tatu hii bomba la mjini limekauka,
boza limepanda bei, tumeunganisha kisima.
Kisima cha Segerea! Kwa macho, maji ya zamzam.
Yapikie chai uone mgeni atakavyoaga mapema.
Nilimwambia mama. Alisema maji ni maji.

Fundi wa mashine, kwenye simu, yuko Mbezi:
elfu themanini, na ni kesho kutwa.
Shebughe, kijana wa usiku, anashauri kiberiti.
Mimi navuka barabara kwa Bi Mwanshamba wa chipsi,
namwomba siki ya kachumbari,
natumbukiza valvu kwenye kifuniko cha chupa,
tunachuchumaa wawili kuitazama.

Ikaanza kutoa vipovu.
Vidogo, vya haraka, vinapanda na kupasuka.
"Kaka," akasema Shebughe, "povu si hili hapa?"
Tukacheka mpaka mteja wa bajaji akageuka.

Nikaisuuza. Nikapuliza upande huu: ikapita.
Upande ule: ikakataa kabisa, mashavu yakaniuma.
Nikaifungia kwa tepu nyeupe, nikakausha mpira,
nikatia tokeni yangu mwenyewe.

Brashi ikakohoa maji, ikatema hewa,
ikakohoa tena, ikanyamaza. Nikanyamaza nayo.
Kisha likaja, zito, polepole,
kama uji unaopanda sufuriani
mpishi akiwa ameangalia kando.

Hapakuwa na gari. Bajaji ilikwishaondoka, inang'aa,
na saa ilikuwa inahesabu kushuka.
Nikaleta ile ndoo yangu ya Buguruni,
ninayochotea mchanga siku hizi,
nikaisugua ndani na nje, mpaka mpini.

Itaganda tena. Nimeandika kwa chaki nyuma ya mlango:
*Siki, kila Jumatatu.*
Na chini yake, kwa herufi ndogo:
*Kisima. Mwambie mama tena.*